Paka, Tundu na Kipande cha Samaki

Watu wa pwani husema paka wa nyumba haingwa. Usemi huo hutolewa kwa ajili ya binadamu, pale jamaa wa siku nyingi anapotaka kutolewa mlangoni. Lakini ukitazamwa kwa ajili ya paka mwenyewe, unabeba jambo kubwa. Paka haingwi kwa kuwa amekwisha kuwa mwenyeji, na uenyeji huo aliutwaa kwa hiari yake. Punda wa Lamu alibebeshwa mawe na mchanga, mbwa aliamrishwa alinde, kasuku alifundishwa salamu. Paka hakuamrishwa lolote. Hukaa barazani kama mzee angojaye kahawa, hushuka diko saa ya madau kurudi pasipo kuitwa na mtu, na akiitwa asipotaka kuja, haji. Ndiyo maana mtu akielezwa kwamba paka aweza kufunzwa kukaa, kutoa mkono na kuja aitwapo, jambo la kwanza alifanyalo ni kucheka.

Kicheko hicho si cha pwani peke yake. Kilisikika London na New York pia, tena miongoni mwa wasomi, na nyuma yake palikuwa na hoja nzito iliyochukua miaka mia moja kutatuliwa: je, paka hujifunza? Na akijifunza, anajifunza kwa akili, kwa hofu, au kwa ladha ya kitu kinywani? Waliojaribu kulijibu swali hilo walimtia paka katika matundu ya mbao, wakamnyima chakula, wakamwekea samaki nje, wakakaa na saa mkononi. Walivumbua mengi ya kweli. Lakini katika kumtazama paka walikosa kuona jambo moja lililokuwa mbele ya macho yao, ambalo bibi yeyote wa Forodhani au Mkunazini angewaambia bila ya kutafuta saa.

Asili ya mnyama mwenyewe yafaa kutajwa kwanza, kwani ndiyo chanzo cha ugumu wote. Paka wa nyumbani ni wa ukoo wa paka-mwitu wa Afrika, mnyama wa rangi ya mchanga na milia hafifu ambaye hata leo yupo katika nyika za Kenya na Tanzania, akiwinda peke yake usiku. Mbwa alitokana na mnyama wa kundi, mwenye mkubwa wake na mdogo wake, akitazama uso wa kiongozi ajue la kufanya. Paka hakuwa na kiongozi wa kumtazama. Alikisogelea kijiji kwa sababu palikuwa na nafaka, na penye nafaka pana panya. Katika kisiwa cha Cyprus, mahali paitwapo Shillourokambos, waakiolojia walifukua kaburi la mtu aliyezikwa yapata miaka 9,500 iliyopita, na kando yake, katika kishimo chake mwenyewe, palilazwa paka. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 2004. Kisiwa kile hakikuwa na paka wa asili. Kwa hiyo yule aliyezikwa pale, au wazazi wake, alivuka bahari ndani ya chombo pamoja na watu. Msomaji wa visiwani hatashangazwa na hilo.

Mnyama wa namna hiyo ukimpiga, hajifunzi kwamba amekosa. Hujifunza kwamba wewe ni wa kukimbiwa.

Waliolijua hilo mapema walikuwa watu wa viwanja vya tamasha, wala hawakuwa na elimu kubwa. Katikati ya karne ya 18, Samuel Bisset, fundi viatu mzaliwa wa Perth huko Scotland, aliacha ngozi na nyundo akajitia katika kuwafunza wanyama. Alianza na wengine, akaja kwa paka, akawafunza kugonga ala ya nyuzi kwa nyayo zao huku wakilia kwa sauti zao, kisha akawaonyesha London kwa jina la opera ya paka. Watu walijaa. Waliosimulia habari zake walitaja subira yake kabla ya kutaja jambo lingine lolote. Lakini fundi viatu hakuandika kitabu cha njia zake, na wanazuoni hawakwenda kumuuliza.

Wanazuoni walikuwa na njia yao. Mwaka 1882 George Romanes, Mwingereza aliyekuwa rafiki na mfuasi wa Charles Darwin, alichapisha kitabu kikubwa juu ya akili za wanyama. Sehemu kubwa ya kitabu hicho ilikuwa ni hadithi alizoandikiwa na watu waaminifu, na nyingine alizozishuhudia mwenyewe. Miongoni mwake ni ya paka wa mwendesha gari lake la farasi, aliyekuwa akirukia mlango, akining'inia kwa mkono mmoja na kubonyeza komeo kwa mwingine, hadi mlango ukafunguka. Romanes aliamini kwamba paka yule alikuwa amewatazama watu wakifungua mlango, akatafakari, akahitimisha kwamba linalofanywa na mkono wa mtu laweza kufanywa na mkono wa paka. Ni hadithi tamu. Nayo yaweza kuwa ya kweli kwa kila neno na bado maelezo yake yakawa si ya kweli.

Hapo ndipo alipoingia kijana mmoja Mmarekani ambaye, kwa ungamo lake mwenyewe la miaka ya baadaye, hakuwa na mapenzi maalumu kwa wanyama. Alihitaji shahada, na mada nyingine yoyote ingemfaa vilevile. Jina lake Edward Thorndike, aliyezaliwa mwaka 1874. Huko Harvard alitaka kuwachunguza watoto wadogo, akiwapa peremende walipobahatisha alichokuwa anakifikiria. Wakubwa wakamkataza. Akageukia vifaranga. Mama mwenye nyumba akakataa kuku chumbani, na chuo hakikuwa na nafasi, mpaka mwalimu wake William James alipomwonea huruma akampa ghala ya chini ya nyumba yake, jambo ambalo inasemekana liliwafurahisha watoto wa James kuliko lilivyomfurahisha mkewe. Kutoka huko Thorndike akahamia Chuo Kikuu cha Columbia, New York, akiwa na kuku wake wawili waliosoma zaidi ndani ya kikapu, akapewa nafasi darini, juu kabisa ya jengo. Pale darini ndipo alipowaleta paka.

Aliunda matundu 15 ya vipande vya mbao vilivyoachana nafasi, kila moja likiwa na urefu wa inchi 20 hivi, upana wa 15 na kimo cha 12. Kila tundu lilikuwa na siri yake. Moja lilifunguka paka akivuta kitanzi cha uzi, jingine akikanyaga kanyagio, jingine akigeuza kipande cha mti, na mengine yalidai mambo mawili au matatu kwa pamoja. Paka alitiwa ndani akiwa na njaa kali, na samaki au nyama ikawekwa nje mahali anapoweza kuiona. Kisha Thorndike akahesabu sekunde.

Aliyoyaona yameandikwa katika tasnifu yake ya mwaka 1898, na bado yanasomeka kwa msisimko. Paka hakukaa kutafakari. Aliuma mbao, akapara, akapenyeza mkono kila penye nafasi, akajirusha huku na kule, hata katika vurugu lile mkono ukagusa kitanzi kwa bahati na mlango ukafunguka. Alipokula na kurudishwa, vurugu lilianza upya, ila kidogo kidogo yasiyofaa yakapungua na lile lililofaa likabaki. Paka wa 12 katika tundu la kwanza alichukua sekunde 160 kutoka; mara ya pili 30, mara ya tatu akarudi nyuma hadi 90, kisha 60, kisha 15, akawa anapanda na kushuka hivyo hivyo, mpaka mwishoni akawa anatoka kwa sekunde sita au saba. Thorndike aliichora safari hiyo kwa mstari. Lau paka angefahamu siri ya tundu ghafla, alisema, mstari ungeanguka wima kama ukuta na usipande tena. Mstari ulishuka kama mlima unavyoshuka baharini, kwa mabonde na vilima.

Akaondoa na mengine. Alimweka paka mmoja kando atazame mwenzake akitoka. Aliyetazama hakufaidika chochote. Aliushika mkono wa paka kwa mkono wake mwenyewe, akauweka juu ya kitanzi, akauvuta, tena na tena, paka hakujifunza. Jambo hili la pili halikutiliwa maanani ipasavyo wakati ule, na hadi leo wako wanaomkamata paka mkono kumfunza kusalimia, wakashangaa anapouvuta na kwenda zake. Kitendo kinachomfunza paka ni kile alichokianzisha mwenyewe.

Kuhusu Romanes na barua zake, Thorndike alikuwa na kejeli kali: maelfu ya paka hukaa mbele ya milango wakilia wasijue la kufanya, na hakuna mtu anayemwandikia rafiki yake kumpa habari hiyo, paka mmoja akibahatisha komeo, anaingia vitabuni.

Lipo jaribio lake moja dogo ambalo pengine ndilo lenye ucheshi kuliko yote. Alikaa karibu na paka waliokuwa nyuma ya wavu, akapiga makofi na kutamka kwa sauti kwamba sharti awalishe paka wale, akangoja sekunde kumi, kisha akawanyooshea samaki juu ya wavu. Baada ya siku nyingi paka wakawa wanaupanda wavu waisikiapo kauli ile, kabla samaki hajaonekana. Kisha akatunga kauli ya pili, kwamba hatawalisha, na kauli hiyo haikufuatwa na samaki kamwe. Paka walifikia hatua ya kupanda kwa ya kwanza na kukaa kimya kwa ya pili. Yeye alilieleza kama mshikamano mkavu wa mlio na kitendo. Hata hivyo, msomaji apendaye lugha hatakosa kuona kwamba hapa mnyama anayesemwa hasikii la mtu alikuwa akitofautisha sentensi mbili za Kiingereza.

Na lipo tundu la mwisho, alilolipa herufi Z. Halikuwa na kitanzi wala kanyagio. Thorndike mwenyewe aliufungua mlango pale paka alipojilamba, au alipojikuna. Paka walijifunza, waliwekwa ndani, wakajilamba, wakatoka. Lakini ulambaji wenyewe ukaanza kusinyaa. Mwanzoni ulikuwa ulambaji wa haki, wa ulimi na unyoya. Mwishoni ukawa ishara tu, kichwa kuinama mara moja na kurudi, kama mtu anayetia saini bila ya kusoma.

Upinzani haukukawia. Mwaka 1899 Wesley Mills wa Montreal, mtu aliyewajua wanyama kwa kuishi nao, aliandika kwa hasira kwamba kumfungia paka mwenye njaa katika tundu dogo na kudai kuwa umeiona akili yake ni sawa na kumzika mtu hai ndani ya jeneza, kisha kuyatazama mahangaiko yake na kusema hivi ndivyo binadamu afikirivyo. Mills hakujua, na hakuwa na sababu ya kujua, kwamba upande wa pili wa dunia watoto wa chuoni wamesimuliwa tangu enzi na enzi hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka: alimfunga, hakumlisha, wala hakumwachia aende akajitafutie vijidudu vya ardhini, mpaka akafa. Thorndike hakuwaua paka wake kwa njaa, nao kila walipotoka walikula. Ila lawama ya Mills ilimgusa mahali penye ukweli. Tundu lilikuwa limeamua jibu kabla swali halijaulizwa. Paka anayejirusha kwa hofu hana nafasi ya kuonyesha jingine.

Hata hivyo, lililopatikana kutoka matundu yale lilidumu. Mwaka 1911 Thorndike alilitia katika kanuni: kitendo kinachofuatwa na raha hushikamana na mahali kilipotendeka, na kinachofuatwa na karaha hulegea. Kwa ufupi, tunzo hujenga na adhabu hubomoa. Alikuwa sasa ni mwalimu katika chuo cha ualimu cha Columbia, akafundisha huko kwa miongo minne, na kanuni iliyotoka kwa paka ikaingia katika madarasa ya watoto wa Marekani na, kupitia vitabu, ya nchi nyingi nyingine. Kisha, katika miaka ya 1930, akafanya jambo ambalo wanazuoni wachache hulifanya: aliikata kanuni yake nusu. Safari hii aliwajaribu watu. Walichagua maneno, wakaambiwa umepata au umekosa. Kule kuambiwa umepata kuliliimarisha jibu. Kule kuambiwa umekosa hakukulifuta kosa, au kulilifuta kwa kiasi kidogo mno kisichokaribia nguvu ya tunzo. Nusu ya kwanza ya kanuni ilibaki na nusu ya pili akaiweka kando. Madarasani bakora haikusikia habari hiyo kwa haraka.

Sasa tuje kwenye kosa lililotajwa mwanzoni, ambalo si la Thorndike.

Katika Chuo Kikuu cha Washington, jijini Seattle, Edwin Guthrie na mwenzake George Horton waliona kwamba Thorndike alihesabu sekunde zaidi ya kumtazama paka. Wao wakaunda tundu kubwa lenye kioo mbele, wakasimika mti mwembamba katikati ya sakafu, na paka alipousukuma mti ule kwa namna yoyote, mlango ulifunguka na kamera ikapiga picha. Walikaa mbele ya kioo wakiandika. Walishuhudia mara 800 hivi paka wakitoka, na kitabu chao kikatoka mwaka 1946. Picha zake zinashangaza. Paka mmoja amejisugua ubavu kwenye mti, na picha ya mara ya kumi ni ile ile ya mara ya kwanza: kichwa pale pale, mgongo umepinda vile vile, mkia umesimama. Guthrie alifurahi sana. Hapa, alisema, pana ushahidi kwamba paka hurudia harakati ile ile aliyokuwa nayo mlango ulipofunguka, pasipo zaidi, kama kinanda kinavyorudia santuri. Kwa zaidi ya miaka 30 wanafunzi wa saikolojia walisomeshwa hivyo.

Mwaka 1979 Bruce Moore na Susan Stuttard walichapisha makala fupi katika jarida la Science. Waliwatia paka katika tundu lenye mti kama ule, ila hawakuweka chakula, na mti haukufungua mlango wowote. Paka hawakuwa na la kujifunza. Mtu alipokuwepo chumbani akionekana, paka walijisugua kwenye mti, kichwa kisha shavu kisha ubavu, mkia juu. Mtu alipokuwa hayupo, hawakujisugua. Hayo ndiyo yaliyokuwamo katika jaribio zima. Paka wa Guthrie walikuwa wakimsalimu Guthrie. Walikuwa wamemwona mtu nyuma ya kioo, hawakuweza kuifikia miguu yake, wakaupa mti salamu iliyokuwa yake. Na picha zilifanana kwa sababu salamu za paka hufanana, kama mikono ya watu inavyofanana inapopeanwa. Wataalamu wawili waliamkiwa mamia ya mara, wakaandika kila mara kwamba paka amejifunza kusukuma mti.

Mtu aweza kucheka, na wengi walicheka. Lakini ipo huzuni ndani yake vilevile, kwa kuwa watazamaji wale walikuwa makini na waaminifu, na kamera haikusema uongo. Walichokosa ni wazo kwamba paka alikuwa na jambo lake la kuwaambia wao.

Baada ya hapo historia ya kumfunza paka inatoka matunduni. Hata kabla ya hapo ilikuwa imeanza kutoka. Mwaka 1951 B. F. Skinner aliwaeleza wasomaji wa kawaida, katika jarida la Scientific American, kwamba yeyote aweza kumfunza mnyama nyumbani kwake kwa chakula kidogo na kidude cha watoto kitoacho mlio mfupi. Wanafunzi wake wawili, Keller na Marian Breland, walikuwa wamekwisha kuiacha shahada wakaanzisha biashara ya kufunza wanyama, na mwaka 1961 waliandika kwa uchungu kwamba kila walipomlazimisha mnyama kutenda kinyume cha maumbile yake, maumbile yalirudi na kuiharibu kazi. Ni habari ile ile ya ulambaji uliosinyaa katika tundu Z. Karen Pryor, aliyekuwa mfunza pomboo huko Hawaii, ambako huwezi kumpiga wala kumfunga kamba mwanafunzi wako kwa kuwa akichukia hupiga mbizi, alikiandika mwaka 1984 kitabu kilichoieneza njia hii kwa wenye mbwa, na baada ya mbwa ikamfikia paka.

Njia yenyewe ni nyepesi kuieleza na nzito kuitenda, kwa sababu uzito wake wote uko kwa mtu. Huchaguliwa chakula anachokipenda paka kuliko cha kila siku. Dagaa mmoja mkavu aliyekatwa vipande saba au vinane anatosha somo zima, kwani kipande kiwe kidogo kiasi cha kumezwa na kusahaulika. Huchaguliwa wakati wa kabla ya mlo, paka akiwa na hamu bila ya kuteswa na njaa. Kwanza hufunzwa mlio: tiki, kipande, tiki, kipande, mpaka masikio yageuke mlio usikikapo. Mlio huo una kazi moja. Mkono wa mtu ni mzito, na baina ya paka kuketi na kipande kufika kinywani, huenda amekwisha kusimama, kujikuna na kutazama dirishani, asijue amelipwa kwa lipi. Mlio huikamata nukta yenyewe, na kipande kikaja baadaye kama malipo ya hati iliyokwisha kutiwa muhuri.

Kisha mtu hungoja. Hapa ndipo wengi huanguka. Anayetaka paka aketi hamkandamizi kiuno. Hungoja aketi kwa hiari, na paka huketi mara nyingi kwa siku. Akiketi, tiki. Anayetaka aguse mkono wa mtu kwa pua, huuweka mkono karibu na pua, maana paka hunusa, akinusa, tiki, kesho mkono huwekwa mbali kidogo. Jambo kubwa hukatwa vipande vidogo kama dagaa yule, na kila kipande hulipwa kabla ya kudaiwa kingine. Paka akikosa, hakemewi. Hakipati tu, basi. Akichoka akageuka na kuanza kujilamba, somo limekwisha, na ajuaye kazi hulimaliza dakika moja kabla ya hapo. Dakika tano zatosha. Neno, kama lile la kumwita au kumwambia aketi, huja mwisho, kitendo kikiwa kimekwisha kukomaa. Watu hulitanguliza, wakawa wanahubiri.

Yuri Kuklachev, mchekeshaji wa sarakasi aliyeanzisha ukumbi wa maonyesho ya paka mjini Moscow mwaka 1990, amesimulia jinsi alivyolipata onyesho lake lililompa jina. Alikuwa akimtafuta paka wake, akamkuta amelala ndani ya sufuria jikoni. Akamtoa, paka akarudi. Akamtoa tena, akarudi tena. Kuklachev akaichukua sufuria, paka akiwa ndani yake, akaipeleka uwanjani, na onyesho la paka na mpishi likawa tayari. Kwa maelezo yake mwenyewe, kazi yake ni kugundua apendalo paka, kisha kulilipa.

Wenye kutaka hesabu nao wanayo sasa. Mwaka 2017 watafiti huko Colorado, Marekani, walichapisha habari za paka 100 waliokuwa katika makazi ya wanyama wasio na wenyewe, mahali penye kelele na hofu. Walipewa masomo 15 ya dakika tano tano katika wiki mbili, kwa mlio na chakula. Paka 79 kati ya 100 walifuzu kugusa shabaha kwa pua, 60 kuzunguka, 31 kuinua mkono kuugonga wa mtu, na 27 kuketi. Tarakimu hiyo ya mwisho ina uchekeshaji wake: kuketi, ambako mbwa huanza nako, kwa paka kulikuwa ndiko kugumu kuliko yote. Na asidhani mtu kwamba paka amegeuka kuwa mtumwa wa kipande. Utafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, wa mwaka 2021 uliwawekea paka 17 vyakula viwili, kimoja wazi katika sahani na kingine ndani ya fumbo la kufungua. Wanyama wengi waliowahi kujaribiwa, kuanzia panya hadi dubu, hupenda kuhangaikia angalau sehemu ya chakula chao ingawa kilicho wazi kipo. Paka walikula cha sahani.

Mwaka 2019 Atsuko Saito na wenzake wa Japani walithibitisha kwamba paka hulitambua jina lake likitajwa kati ya majina na maneno mengine yaliyofanana nalo, hata likitajwa na mtu mgeni. Wengi wao waligeuza masikio au kichwa, lakini hawakuinuka.

Na huko Oregon, mwaka 2017, watafiti waliwanyima paka chakula kwa saa mbili na nusu, wakawanyima na watu pia kwa muda huo huo, kisha wakawaachia wachague: chakula, mchezo, harufu, au mtu wa kuwashika na kuzungumza nao. Miongoni mwa paka 38 waliolimaliza jaribio, 14 walikwenda kwenye chakula. Wachache walichagua mchezo au harufu. Nusu yao, paka 19, walikipita chakula wakamwendea mtu.